Barua kwa mwanangu: mtoto akikataa kula

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo na kwa mjukuu wangu. Umeniuliza swali moja ukalibebesha mengine: kwamba tangu mtoto atimize miaka mitatu anakataa mboga na kuacha nusu ya chakula, kwamba wewe humpa pipi ili ale, naye baba yake humkalisha mezani mpaka amalize, na kwamba kwa kuchoshwa na ugomvi huo umeandika orodha ya tabia kumi mpya za kuanza nazo Jumatatu. Unataka kujua uanzie wapi.

Anzia mezani, na uanze kwa kujipunguzia kazi.

Mtoto anapofikisha mwaka mmoja, uzito wake huwa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Angeendelea kwa kasi hiyo tungekuwa tunalea majitu. Mwaka wa pili huongeza kama kilo 2 au 3 tu, na hamu ya kula hushuka pamoja na kasi ya kukua. Zaidi ya hapo, kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula wasichokizoea. Kwa hiyo unachokiita ukaidi mara nyingi ni umri tu. Ikiwa kliniki wanasema anakua vizuri, anacheza na analala, basi shibe yake anaijua mwenyewe. Usihesabu matonge ya mlo mmoja. Tazama alichokula wiki nzima. Akipungua uzito, akipaliwa mara kwa mara au akiendelea kuacha chakula kimoja baada ya kingine mpaka vibaki vichache tu, mpeleke kwa daktari, usingoje barua yangu.

Yuko mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyeigawa kazi hii kwa namna inayonipendeza. Mzazi huamua kiliwe nini, saa ngapi na wapi. Mtoto huamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Basi. Wewe pika, panga saa za kula, kaa naye. Kila mlo uwe na kitu kimoja unachojua anakipenda, na mboga kidogo pembeni hata kama ataiacha. Asipokula, ondoa sahani bila hotuba, asubiri mlo unaofuata. Ugumu uko hapa: usimpikie kingine, wala usimpe biskuti dakika kumi baadaye kwa kumwonea huruma, maana atafika kwenye mlo unaofuata akiwa hana njaa na vita vitaanza upya. Ladha mpya huenda ikahitaji kuonjwa mara 10 au zaidi kabla ya kukubalika, na wazazi wengi huikatia tamaa mapema mno.

Pipi iache. Mwanasaikolojia Leann Birch na wenzake walionyesha kwa majaribio kwamba mtoto akipewa zawadi ili ale chakula fulani, baadaye hukipenda chakula hicho pungufu, na kile kilichotolewa kama zawadi ndicho huzidi kumvutia. Ukisema "kula mboga nikupe pipi" umeshamfundisha kipi kitamu na kipi adhabu. Ukali wa baba yake nao haumsaidii, kwa sababu mtoto anayelazimishwa kumaliza huzoea kutazama sahani badala ya kusikiliza tumbo. Najua watu watakutajia samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo naikubali kwenye adabu na kwenye kusema kweli; kwenye shibe ya mtoto siikubali.

Kuhusu malezi yenyewe, tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia Diana Baumrind aliwachunguza wazazi akawaweka katika mafungu matatu: wakali wasiosikiliza, wapole wasioweka mipaka, na wenye mipaka imara ambao hata hivyo humsikiliza mtoto. Nyinyi mnadhani mkali mmoja na mpole mmoja mkijumlishwa mnakuwa fungu la tatu. Sivyo. Mtoto huishia kujua amkimbilie nani, basi. Kila mmoja wenu anatakiwa awe na mipaka na awe na masikio. Kaa na mumeo mtoto akishalala, mchague sheria tatu tu, kwa mfano saa ya kulala, skrini, na kutopiga wenzake. Mkubaliane pia kitakachofuata akizivunja, na kisemwe kwa maneno yale yale na yeyote kati yenu. Madogo mengine yapuuzeni. Mkitofautiana, mzungumze chumbani, mtoto asiwe mwamuzi. Kwa miaka 3 na 4, Shirika la Afya Duniani linapendekeza usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana, na skrini isizidi saa 1. Sitashangaa nikisikia kwamba nusu ya vita vyenu vya jioni ni usingizi.

Sasa hiyo orodha. Kuamka alfajiri, kukimbia, kuandika shajara, kuacha sukari… na mtoto wa miaka mitatu ndani ya nyumba! Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijenga tabia moja aliyoiunganisha na jambo analolifanya kila siku. Katika matokeo yao, tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuota mizizi, kwa wengine 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo wanaokuahidi siku 21 wasikilize kwa adabu tu.

Kwa kuwa umeniuliza, tabia yako ya kwanza nakuchagulia mimi. Simu zote, ya mumeo ikiwemo, ziachwe chumba kingine tangu chakula kinapopakuliwa mpaka vyombo viondolewe. Mle wote watatu, chakula kimoja. Mtoto akikuona kila siku ukila mboga bila mtu kukubembeleza, ipo siku atanyoosha mkono. Jambo hili likishazoeleka, ongeza matembezi: nusu saa kwa siku tano za wiki inatimiza dakika 150 zinazopendekezwa kwa mtu mzima.

Sukari usiiapie. Acha tu kununua vinywaji vitamu, maana soda moja ya mililita 330 huweza kuwa na gramu 35 za sukari, na maji yapo. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye vyakula vya pakiti.

Nikija kuwatembelea, niambieni kabla sijafika hizo sheria tatu ni zipi, nisije nikawa wa kwanza kuzivunja. Na pipi sitaleta.

Mama yako