Utrasaundi ya tumbo haiwezi kuthibitisha kwamba hakuna saratani ya tezi dume

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66 na PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) ni 11.4. Utrasaundi ya tumbo imeonyesha tezi dume ya mililita 62, na ripoti inasema “hakuna uvimbe ulioonekana”. Je, hana saratani, au tumpeleke akapigwe CT (picha za eksirei za kompyuta)?

JIBU: Marahaba. Sentensi hiyo ya ripoti hunifikia karibu kila wiki, na kila mara familia huwa imeshapumua. Utrasaundi ya tumbo hupima ukubwa wa tezi, mkojo unaobaki kibofuni na hali ya figo. Saratani nyingi huanzia upande wa nyuma wa tezi, unaopakana na njia ya haja kubwa, na kipimo hicho hakizioni. CT nayo haitofautishi saratani na nyama ya kawaida ndani ya tezi, kwa hiyo msitumie fedha huko sasa. Kazi yake, kama ilivyo ya skani ya mifupa na PET ya PSMA (skani inayosaka seli za saratani ya tezi dume mwilini), ni kutafuta ugonjwa uliosambaa baada ya saratani kuthibitishwa.

Rudieni PSA baada ya kuhakikisha kwamba hana maambukizi ya mkojo. Ikibaki juu, MRI (picha ya mashine ya sumaku) ndiyo ya kutangulia: utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wanaume 576, ulionyesha kwamba MRI iligundua asilimia 93 ya saratani hatari, ilhali kuchukua vinyama vya tezi vya kupimwa maabara, kwa kuongozwa na utrasaundi inayoingizwa njia ya haja kubwa, kuligundua asilimia 48. Hata hivyo MRI hushuku pia wengi wasio na saratani, hivyo uthibitisho hutoka kwenye vinyama. MRI isipopatikana, vinyama vichukuliwe bila kuisubiri.

Nisichoweza kukivumilia ni wauza dawa za “kuyeyusha tezi” wanaoonyesha utrasaundi mbili, ya kabla na ya baada, kana kwamba ukubwa ndio saratani, wakati tezi kubwa yaweza kuwa salama na ndogo ikawa nayo. Wapo pia wenye mashine ya kushika chuma kiganjani, inayochapisha ripoti ya mwili mzima kwa dakika chache. Hiyo si picha ya kiungo chochote. Na kama baba ameshaanzishiwa dawa yoyote, mtajieni daktari, kwa kuwa finasteraidi (dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi dume) hushusha PSA hadi karibu nusu ndani ya miezi 6 hivi, na asiyejua ataisoma namba hiyo kama nafuu.