Unapenda Somo, au Unampenda Mwalimu?

Wadogo zangu mnaoanza sekondari, kuna swali mtakaloulizwa na kila mtu mzima atakayekosa la kuzungumza nanyi: somo gani unalipenda? Wengi hujibu papo hapo, wakasahau kwamba jibu lenyewe lina safari ndefu. Miaka michache mbele ndilo litakalowachagulia mchepuo, na mchepuo uwachagulie kozi, na kozi iwachagulie kazi ya kuamkia kila asubuhi.

Nimekaa darasani upande wa madawati, kisha nikahamia upande wa ubao. Jambo moja nimeliona pande zote mbili: ukimuuliza mtu mzima habari za shule, huanza na somo na kuishia kwa mwalimu. "Nilipenda sana Jiografia," atakwambia, na kabla hujauliza kwa nini, "yule mwalimu alikuwa anachora ramani ya dunia kwa mkono, hatazami kitabu!" Sasa hapo kilichopendwa ni Jiografia, au ni ule mkono wenye chaki?

Mimi Hisabati ilinikaa kwa sababu ya mwalimu mmoja ambaye hakuwa na haraka kabisa. Siku ya pembe za pembetatu hakuandika kanuni ubaoni. Aligawa karatasi, akataka kila mtu akate pembetatu yake, yoyote ile, nyembamba au pana. Kisha akasema tuchane pembe zote tatu tuzipange ncha kwa ncha juu ya mstari wa daftari. Pembetatu za kila aina, lakini kila dawati jibu lilikuwa lile lile: vipande vilikaa kwenye mstari ulionyooka, digrii 180. Mmoja wetu akalalamika kwamba yake imegoma. Kumbe pembe moja ilikuwa imeanguka sakafuni, na mwalimu akasimama kumsubiri aitafute, darasa zima kimya. Ilipopatikana na kupangwa, ndipo akatuambia kwamba karatasi zinashawishi lakini hazithibitishi. Akachora pembetatu ubaoni, akapitisha mstari kwenye kilele chake, sambamba na kitako, na hapo tukaona kwa nini haiwezekani kuwa vinginevyo.

Mwaka uliofuata alihamishwa. Aliyempokea alikuwa mtu mwema, ila alifundisha kwa kusoma kitabu kuanzia mstari wa kwanza hadi kengele. Nusu ya waliokuwa wakijitapa kwamba Hisabati ndiyo damu yao waliiacha kabla ya mwaka kwisha. Waliobaki walikuwa wale ambao hata enzi za mwalimu wa kwanza ungewakuta mapumzikoni wakihangaika na swali ambalo hawakupewa na mtu.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu kinatokana na hao. Chagua mada moja ambayo bado haijafundishwa, uisome mwenyewe kwa wiki moja, bila mwalimu wala mwenzako wa kukuelekeza. Usijiulize kama ni rahisi. Mada mpya haiwi rahisi kwa mtu yeyote. Jiulize ugumu wake unakufanya nini. Kuna ugumu unaokukera hadi urudi tena jioni kuumalizia, na kuna ugumu unaokufanya uchungulie ni kurasa ngapi zimebaki. Ule wa kwanza ndio dalili ya kupenda somo. Nimeona wanafunzi wakigundua kwa njia hii kwamba Historia waliyodhani wanaipenda ilikuwa hadithi tamu za mwalimu, na kwamba tarehe na nyaraka zenyewe haziwaambii kitu. Si aibu. Hadithi tamu nazo zina kazi zake, na mtu wa namna hiyo huenda akafaa zaidi kwenye uandishi au maigizo.

Mwalimu hodari ana hatari yake, na hili sikuambiwa na mtu nilipokuwa mwanafunzi. Akieleza, kila kitu kinaonekana chepesi, unatikisa kichwa kuanzia mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Ukifika kwenye daftari lako peke yako, ukurasa mweupe. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine waliifunga wakajaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojijaribu wakawa wamewapita. Kwa hiyo msiamini ule wepesi mnaousikia kipindini. Kitabu kikifungwa, kilichobaki kichwani ndicho chenu. Kilichotoweka kilikuwa cha mwalimu.

Upande wa pili wa jambo hili unauma zaidi: somo linalochukiwa kwa sababu ya mwalimu. Ukali, kejeli mbele ya wenzako, au neno moja tu kwenye ripoti. John Gurdon, mwanafunzi wa Uingereza, aliandikiwa ripoti mwaka 1949 iliyosema kwamba wazo lake la kuwa mwanasayansi ni la kuchekesha. Katika Baiolojia alikuwa wa mwisho kati ya wavulana 250 wa mwaka wake. Mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba pamoja na Shinya Yamanaka. Sisemi kila anayeshika mkia atapata Nobel, wala sisemi ripoti mbaya ni sifa. Nasema mwalimu anapima ulichomwonyesha mwaka ule, kwa namna aliyokufundisha yeye. Kabla hujaliacha somo, tafuta mtu mwingine wa kukueleza mada ile ile: mwalimu wa mkondo mwingine, kitabu cha mwandishi mwingine, mwenzako aliyeelewa jana tu na bado anakumbuka alikwama wapi. Huyo wa mwisho mara nyingi anatushinda sisi walimu. Ukishaelezwa na watu watatu tofauti na bado moyo umekufa, acha kwa amani.

Na walimu wazuri washukuruni wakiwa bado wapo. Albert Camus alipopata Nobel ya Fasihi mwaka 1957, alimwandikia barua Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi, aliyemsaidia kupata nafasi ya kuendelea na masomo alipokuwa mtoto maskini asiye na baba. Ninyi hamna haja ya kungoja tuzo. Ila tajeni kitu chenyewe. "Asante kwa yote" tunazipokea nyingi kila mwisho wa mwaka na hazitwambii lolote. Mwanafunzi akinitajia swali fulani, siku fulani, ndipo ninapojua nilirudie lipi kwa darasa linalofuata.

Jambo la mwisho ni la daftari. Msiitegemee kumbukumbu, inawapendelea mno. Harry Bahrick na wenzake waliwaomba wanafunzi 99 wa chuo wataje alama zao za sekondari, kisha wakazilinganisha na rekodi. Alama za A zilikumbukwa sawasawa kwa asilimia 89, za D kwa asilimia 29 tu, na makosa mengi yaliegemea upande wa kupandisha. Utafiti huo wa mwaka 1996 unanielezea wazazi wengi ninaokutana nao! Basi kila mwisho wa muhula andika nusu ukurasa kwa kila somo: mada iliyokuvuta, swali lililokushinda, nani alikufundisha, na alama halisi kama ilivyotoka. Siku ya kujaza fomu ya mchepuo, keti na kurasa hizo kwanza, marafiki baadaye. Wao watataka mwende wote mchepuo mmoja msitengane. Mwambieni kila mmoja ajaze lake. Jioni mtakutana uwanjani kama kawaida.