Supu ya makongoro, Mwanjelwa, kabla ya saa mbili

Swali lenu la wiki, kufuatia ile makala ya pho, supu ya tambi ya Hanoi kule Vietnam, liliuliza: ni sehemu gani ya kula mtaani kwako huwezi kuihama, na nini hasa kinakurudisha? Yangu ni banda la supu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Halina kibao. Ukiulizia kwa mama wa makongoro utaelekezwa.

Kinachonirudisha ni supu yenyewe, ile ya kunywa, kabla hata sijagusa nyama. Mama huanza kazi jioni ya jana yake. Makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, yanababuliwa motoni mpaka manyoya yaishe, yanakwanguliwa kwa kisu, yanaoshwa, yanapasuliwa kwa shoka. Yakishaingia kwenye sufuria, povu la kwanza linaenguliwa lote, kisha inafuata tangawizi ya kupondwa, kitunguu saumu na chumvi. Basi. Mkaa unapunguzwa, sufuria inakesha. Huku kwetu tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kwa mwinuko huo maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 95, kwa hiyo mfupa unahitaji muda mrefu kuliko Dar. (Wageni wanaolalamika kwamba maharage ya Mbeya hayaivi, sababu ndiyo hiyo.)

Muda huo ndio utamu wote. Kano na ngozi ya kongoro zinalainika taratibu mpaka zinageuka ute, na ute huo ndio unaofanya midomo inate ukishapiga funda mbili tatu. Asubuhi za Julai, ukizubaa na maongezi, supu inaanza kuganda pembeni mwa bakuli. Ya kuongezewa viungo vya pakiti haikupi hivyo. Inanukia vizuri kwa mbali, lakini mdomoni ni maji matupu, na sehemu inayouza supu ya namna hiyo sirudi tena.

Nimefurahi sana kusoma kwamba Wavietnam nao hunywa pho asubuhi. Wao wanachoma kwanza tangawizi na vitunguu, wanatia mdalasini na anisi ya nyota, halafu supu inamiminiwa juu ya tambi za mchele. Sisi tuna chapati. Lakini mifupa ya ng'ombe kwenye moto mdogo kwa saa nyingi, na ndimu na pilipili zikisubiri mezani kila mtu ajiwekee kwa kadiri yake, hapo tunaelewana kabisa. Natamani siku moja mtu ajaribu kutengeneza tambi hizo kwa mchele wa Kyela, wenye harufu yake ile, halafu amiminie supu ya huyu mama. Ningekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Ukifika, unasalimia kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, ughonile?" Ndiyo salamu ya Kinyakyusa, umelalaje. Wakati unajibu, upawa umeshazama chini ya sufuria, maana anajua mimi napenda kipande chenye ngozi na kimfupa cha kufyonza. Anakijaza kwenye bakuli, anakata ndimu, anasogeza kisahani cha pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba. Chapati ni za kwake pia, laini, za tabaka. Chana, chovya, kula. Mtu anayekula chapati kavu pembeni na kunywa supu mwisho anajinyima, na huwa namwambia.

Kwenye mabenchi yale unakaa ubavu kwa ubavu na dereva wa lori anayekwenda Tunduma, vijana wa bajaji, mama wa mitumba, mwalimu aliyevaa tai. Hakuna anayeona haya kufyonza mfupa mbele ya mwenzake. Bei za mazao, hali ya barabara ya mlimani, msiba wa jirani, yote nimeyasikia pale kabla ya kuyasikia redioni. Mwaka nilipofiwa na baba, mama alinipa supu kwa muda bila kupokea hela yangu, na wala hakulizungumzia.

Anayetaka kuonja aje kabla ya saa mbili asubuhi. Siku za soko, saa tatu ikigonga makongoro yamekwisha, umebaki utumbo na ulimi. Ulimi ni mzuri, lakini mgeni aanze na kongoro, ndimu nzima, pilipili kidogo na chapati mbili. Supu ya kuongeza mama hailipishi.