Muulize Mama Mkunga: Wodi ya njiti ikijaa

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Mke wangu alijifungua njiti wa kilo 1.4 hapa Pangani. Tukapewa rufaa. Kufika, tukaambiwa wodi ya wachanga imejaa, tukapelekwa kwingine. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Ila nauliza: pesa natuma kwa simu inafika papo hapo, kwa nini hospitali zisionane vitanda kwenye kompyuta?
Baba Njiti, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mungu amkuze.

Una haki ya kuuliza. Takwimu zetu hupanda kila mwezi kwenye mfumo wa DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo. Lakini ripoti ya mwezi humwambia mganga mkuu watoto wangapi walilazwa Machi. Haimwambii muuguzi wa Pangani, saa nane za usiku, kama Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Tanga, kuna nafasi. Wodi ya wachanga hubadilika ndani ya saa moja: wakizaliwa mapacha njiti, nafasi mbili zimekwenda.

Na nafasi yenyewe ni zaidi ya kitanda. Mtoto wa kilo 1.4 anataka joto, oksijeni, pengine mashine ya kumsaidia kupumua, na muuguzi asiyezidiwa. Mtandao ukihesabu vitanda vitupu peke yake utatupoteza. Mimi nataka uonyeshe vyote hivyo, pamoja na saa vilipojazwa. Namba ya jana ni hatari kabisa, maana watu wataiamini na kuwasha gari.

Nani ataijaza? Hapo ndipo roho yangu inaponiuma. Muuguzi wa usiku yuko peke yake, ananyonyesha kwa mrija huku, anatafuta mshipa kule. Mkimpa na kompyuta, ataijaza asubuhi. Wanaopanga bajeti ya mitambo wapange na mshahara wa karani wa usiku.

Kwa sasa kuna 115, namba ya bure ya m-mama. Kituo kikipiga, mratibu hutafuta usafiri na hospitali inayofaa kwa mama au kichanga. Wakati gari linasubiriwa, mwombe muuguzi aipigie wodi ya wachanga yenyewe, asiishie mapokezi, na aandike jina la aliyempokea. Barua ya rufaa iwe na uzito, saa ya kuzaliwa na dawa alizopewa.

Njiani mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga juu. Joto lake lisishuke chini ya 36.5. Mama akiwa hajiwezi, mbebe wewe, vua shati.