Maswali ya Wasomaji: Wazee wa Karanga na Miaka Isiyolingana

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana sita wa Kongwa mjini ambao tumeamua kukusanya historia ya mji wetu kabla wazee walioushuhudia mradi wa karanga hawajatutoka wote. Tumeanza na wazee wawili na tayari tumekwama. Mmoja anasema mradi ulikufa kwa sababu mvua zilikata. Mwingine anashikilia kwamba ardhi yenyewe iliukataa, kwa kuwa mibuyu iling'olewa bila wenyeji kuulizwa. Juu ya miaka ndiyo hawapatani kabisa. Je, tumwandike nani, na tukishaandika tupeleke wapi? – Msomaji, Kongwa.

JIBU: Waandikeni wote wawili, kila mmoja kwa maneno yake na chini ya jina lake, wala msijaribu kuwapatanisha. Kwamba mradi ulianza mwaka 1947, serikali ya Uingereza ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kwamba uliachwa Januari 1951, hayo yamo katika makaratasi na hayatapotea. Mzee wa kwanza hakukosea, maana mvua zilikuwa haba kweli. Lakini hata wa pili msimcheke: udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga zilizokomaa hazikung'oka, na mtu akisema ardhi ilikataa hajaenda mbali na walichokiona wataalamu. Habari ya mibuyu ndiyo inayowaonyesha jinsi wenyeji walivyouelewa mradi ule, jambo ambalo mkaguzi wa hesabu hakuwa na sababu ya kulitafuta.

Kuhusu miaka, kosa mara nyingi ni letu tunaouliza. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa Mpwapwa alizaliwa mwaka gani. Akanitazama kidogo, akautaja, nami nikauandika kwa furaha. Juma lililofuata akanitajia mwingine, kwa upole ule ule, ndipo nikatambua kwamba hakuwa akikumbuka bali alikuwa akimkirimu mgeni wake. Nilipomuuliza kama mama yake alikuwa ameolewa wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa iliyoikumba Ugogo Vita Kuu ya Kwanza ikielekea ukingoni, jibu lilikuja bila kusita. Nanyi ulizeni hivyo: reli ya kutoka Msagali ilipokuwa ikijengwa kuja Kongwa, mzee alikuwa akichunga ndama au ng'ombe? Mchunga ndama ni mtoto mdogo, na mwenye kuachiwa ng'ombe amekwisha kupevuka. Mkijua hilo, hesabu ya umri mtaifanya wenyewe. Miaka ya 1960, wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia walipokuwa na kambi hapo Kongwa, je, alikuwa amekwisha kuoa?

Rekodini kwa simu, ndani ya nyumba, kwa sababu upepo wa kwetu humeza sauti na mtakuja kusikiliza mvumo mtupu. Mzee akizungumza Kigogo au Kikaguru, mwandike kwanza kwa lugha hiyo, kisha Kiswahili chini yake. Kila rekodi ianze kwa jina lake, kijiji, tarehe na majina ya waliokuwepo, kwani mzee aliyekaa na shemeji yake hasemi yote ambayo angeyasema akiwa peke yake.

Makaratasi ya kulinganishia yatafuteni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako chini ya sheria ya mwaka 2002 nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Msiishie kwenye majalada yenye jina la Kongwa tu: enzi hizo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, na mambo yenu mengi yameandikwa chini ya jina hilo.

Mkimaliza, msomeeni mzee yale mliyoyaandika kabla hamjamwonyesha mtu mwingine, naye awe na haki ya kufuta. Hili si adabu tu. Zipo familia za Kongwa zilizoachiwa watoto na wapiganaji wa kambini, na habari hizo ni mali ya familia hizo. Zisisomwe hadharani pasipo ridhaa yao. Yaliyobaki yachapeni, nakala moja ikae shuleni, moja ofisi ya kijiji, na moja kwa mzee mwenyewe, ambaye kwa kawaida ndiye husahaulika.

SWALI: Nina picha za marehemu babu, nyingine zimeanza kushikana. Nizihifadhi vipi? – Msomaji, Kondoa.

JIBU: Zilizoshikana usizibandue kwa nguvu. Nyingine zitoe katika mifuko ya plastiki, uzitenganishe kwa bahasha za karatasi, uziweke katika sanduku mbali na moshi wa jikoni. Zipige picha kwa simu kivulini, mbele na nyuma, kwani mihuri ya studio huwa nyuma. Kisha mpelekee shangazi mkubwa kuliko wote aliye hai, uandike majina kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kuanzia aliyesimama kushoto.