Kiigbo, Kiyoruba na watoto wa mjini: maswali yenu

Mwezi uliopita tuliwauliza wasomaji walioko Nigeria, au wenye ndugu huko, yanayowatatiza kuhusu lugha na kabila katika miji yenye mchanganyiko wa watu. Barua zilikuwa nyingi, na hizi sita ndizo zilizogusa mambo ambayo wengi waliyauliza.

Wahariri, habari za kazi. Nimeolewa na Mwigbo wa Jimbo la Anambra, tunaishi Okota, Lagos. Watoto ni wawili, wa miaka saba na minne. Mimi kwetu Tanga, naongea nao Kiswahili. Baba yao huwasemesha Kiingereza. Wakitoka nje wanacheza kwa Kiyoruba, na bibi yao akipiga simu hawaelewi hata salamu. Mama mkwe ananilaumu. Nifanye nini? – Mama wa wawili, Lagos

Pole mama, ila lawama hiyo imekosa njia. Mwenye Kiigbo nyumbani ni mumeo, na yeye ndiye anayewapa watoto Kiingereza.

Kiyoruba wamekiokota mahali pengi. Ndicho cha majirani na cha makondakta wa danfo, yale mabasi madogo ya Lagos, na tangu Februari 2018 sheria ya Jimbo la Lagos inazitaka shule zote za msingi na sekondari, za serikali na za binafsi, zikifundishe kama somo. Shule inayokaidi huonywa kwanza, ikirudia hufungwa na kutozwa faini ya naira 500,000. Utekelezaji unasuasua, lakini mtoto wa Okota hahitaji sheria ili ajue Kiyoruba. Kiigbo nacho kimejaa Lagos, tena kwa kishindo, katika masoko ya Alaba, Ladipo na Trade Fair. Tatizo ni kwamba hicho ni Kiigbo cha watu wazima wanaofanya biashara, na watoto wako hawana duka. Watazame vijana wanaoletwa kutoka mashariki, kwa Waigbo, kujifunza biashara chini ya tajiri wao. Hawachukui muda kukimudu Kiyoruba, kwa sababu mteja haitwi kwa lugha asiyoielewa. Lugha hushika penye kazi ya kufanya, na nyumbani kwenu Kiigbo hakina kazi.

Kwa hiyo mpeni kazi baba. Familia nyingi hutenga siku, mathalani Jumamosi ya Kiigbo, na mpango hufa haraka kwa sababu kila Jumamosi ina harusi, mkutano au foleni ya magari. Ni afadhali lugha ifungwe kwa mtu: baba akiwa na watoto, ni Kiigbo. Aanze na shughuli chache zinazojirudia kila siku, kama vile kuoga, kuvaa, kula na kuhesabu hela. Zikizoeleka aongeze nyingine. Akina baba wa Kiigbo hupenda kuanza na methali, maana ndizo fahari ya lugha yao, lakini mtoto wa miaka minne anahitaji kwanza “funga mlango” na “niletee kikombe”.

Huyu mdogo atafuata bila shida. Wa miaka saba atajibu kwa Kiingereza, na hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Baba asimkemee wala asijifanye hajasikia. Airudie kauli ya mtoto kwa Kiigbo, kisha aendelee na mazungumzo. Baada ya muda mtoto huanza kuchomeka neno moja moja. Huko kuchanganya msikuogope, ndio mwanzo wenyewe.

Azungumze Kiigbo cha kwao. Akiwa wa Nnewi au Onitsha, asisubiri Kiigbo sanifu cha vitabuni, kwa sababu anayetakiwa kueleweka ni bibi, na bibi anazungumza cha kijijini. Simu kwake ziwe fupi na za mara kwa mara, mtoto akiwa na jambo moja aliloandaliwa kusema: nimekula nini, nimeumia wapi, hiki hapa kiatu changu. Simu ya video inasaidia zaidi maana kuna kitu cha kuonyesha.

Safari ya Desemba kijijini ina thamani yake, ila msiitegemee kupita kiasi. Binamu huko hufurahi kupata wageni wa kutoka Lagos na huwaonyesha Kiingereza chao. Watoto wakae jikoni na bibi, wasiachwe na binamu tu. Na kabla hamjafika, mumeo awaonye wajomba na mashangazi: asiwacheke mtu kwa lafudhi. Mtoto akichekwa mara moja mbele ya ukoo mzima, anaweza kufunga mdomo mpaka Desemba nyingine.

Mikutano ya mwezi ya chama cha watu wa kijiji chenu ni ya wakubwa, na watoto hubaki uani wakicheza kwa Kiingereza. Ibada ya Kiigbo inafaa zaidi, kwa kuwa nyimbo hurudiwa kila wiki, na Lagos ina parokia za Kikatoliki na za Kianglikana zenye ibada hizo. Shule msiitegemee. Mwaka 2022 serikali ya shirikisho iliidhinisha lugha ya mama ifundishie miaka yote sita ya msingi, na Novemba 2025 ikaifuta sera hiyo na kurudisha Kiingereza. Hata kabla ya hapo, lugha ya mama ilihesabiwa kuwa ile ya mazingira ya shule, na kwa Lagos ingekuwa Kiyoruba.

Wewe endelea na Kiswahili chako. Na Kiyoruba msikipige marufuku, kwani hakijamnyang'anya mtu chochote.

Je, mtoto aliyezaliwa Lagos asiyejua neno la Kiigbo, kisheria bado ni Mwigbo? – Msomaji, Abuja

Sheria ya Nigeria haimuulizi mtu lugha anayosema, wala haimpimi Uigbo. Inachouliza ni jimbo lake la asili. Kifungu cha 318 cha Katiba ya 1999 kinasema mtu ni wa jimbo fulani ikiwa mmoja wa wazazi wake, au yeyote kati ya babu na bibi zake, alikuwa wa jamii ya wenyeji wa jimbo hilo. Kuzaliwa mahali hakutajwi, na kuishi hapo miaka 40 hakutajwi.

Kwa hiyo mtoto huyo huchukua cheti cha asili katika halmashauri ya kwao baba, tuseme Anambra au Imo, ambako huenda hajawahi kulala. Kwa kawaida ofisi hutaka barua ya mkuu wa kijiji au ya chama cha kijiji, na hapo ndipo wazazi walioacha kulipa michango ya chama hujikuta wanadaiwa malimbikizo. Cheti hicho kinaulizwa kwenye nafasi za vyuo, ajira za serikali na jeshi. Katiba inaruhusu asili ya upande wa mama, lakini ofisi nyingi bado huangalia baba, kwa hiyo aliye na baba mgeni aende na hati za mama na za babu mzaa mama.

Utaona basi kwa nini mtu hupoteza lugha na kubaki na kabila: kabila lina karatasi.

Nimefika Port Harcourt kikazi. Mwenzangu ni Mwikwerre, nikamwambia Kiigbo chake kizuri, akanuna. Nilikosea wapi? – Fundi wa mitambo

Ulimgusa kidonda. Wanaisimu huweka Kiikwerre katika kundi moja na Kiigbo, pamoja na Kiekpeye, Kiogba, Kiika na Kiukwuani, na Mwigbo wa Owerri hushika mengi anayosema Mwikwerre. Lakini Waikwerre wengi wanajihesabu kuwa kabila kamili, na hoja yao si ya sarufi.

Port Harcourt ilijengwa kuanzia miaka ya 1912 na 1913 kuwa bandari ya makaa ya mawe ya Enugu, kwenye ardhi ambayo Waikwerre wanaihesabu kuwa yao kwa sehemu kubwa. Waigbo wa bara walimiminika wakashika biashara na nyumba. Mei 1967 likaundwa Jimbo la Rivers, Julai vikaanza vita vya Biafra, vya mashariki kujitenga na Nigeria. Vilipokwisha Januari 1970, Waigbo waliorudi walikuta nyumba zao zimetangazwa kuwa mali zilizotelekezwa. Kuitwa Mwigbo wakati ule kuliweza kumgharimu mtu, na kuitwa Mwikwerre kulimpa haki ya mwenyeji. Angalia hata vibao vya mitaa: Rumuola, Rumuokoro, Rumuomasi. Waigbo husema hayo ni majina ya Umu- (“wana wa” kwa Kiigbo) yaliyobandikwa R baada ya vita. Waikwerre husema ndivyo walivyokuwa wakitamka siku zote, na Umu- ilikuwa tahajia ya wageni. Ubishi huo usijiingize.

Sema “Kiikwerre chako”. Ukitaka kujua anajionaje, mwulize kwao ni wapi, naye atakuambia mwenyewe.

Naenda Ibadan kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Wayoruba. Nijifunze nini ndani ya wiki mbili? – Kijana wa Mombasa

Kwanza salamu. Kiyoruba kina “wewe” mbili: o ya rika na wadogo, ẹ ya wakubwa na ya wengi. Ukimwambia mama mkwe mtarajiwa “káàárọ̀” tupu umemsalimia kama mdogo wako. Sema “Ẹ káàárọ̀, mà” asubuhi, “Ẹ káàsán, mà” mchana, na kwa baba weka “sà” mwishoni. Hata ukimtaja mzee ambaye hayupo, Myoruba husema “wọ́n”, yaani wao, kwa mtu mmoja. Wageni wengi hukariri salamu vizuri, kisha wakaharibu katika sentensi ya pili kwa kurudi kwenye o. Ukisahau, tumia ẹ kwa kila mtu. Heshima ikizidi hawakasiriki.

Mwili nao husalimu. Mwanamume hulala kifudifudi, kifua kikaribie sakafu, na mwanamke hupiga magoti. Siku hizi mjini wengi huinama tu na kugusa chini kwa vidole, lakini siku ya kujitambulisha lala kabisa, usubiri uambiwe uinuke. Usiwe wa kwanza kumnyooshea mzee mkono, na usitoe wala kupokea kitu kwa kushoto. Hilo la kushoto mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa.

Majina ya watu wazima usiyataje. Mama huitwa kwa jina la mtoto wake, kama huko kwenu. Na mchumba wako akiolewa kwenu, usishangae akisitasita kuwaita ndugu zako wadogo kwa majina: kwa desturi ya Kiyoruba, bibi harusi humheshimu kila aliyezaliwa katika ukoo wa mume kabla ya yeye kuingia.

Naandika tasnifu kuhusu lugha za Waigbo na Wayoruba mjini Lagos na Kano. Nitapata wapi idadi yao, na hojaji yangu iulize nini? – Mwanafunzi wa uzamili

Idadi rasmi hutaipata. Sensa za 1991 na 2006 ziliacha kwa makusudi swali la kabila na la dini, kwa sababu hesabu za awali zilizua ugomvi mkubwa wa kisiasa. Ile ya 1973 ilifutwa kabisa. Ukiona asilimia ya Waigbo wa Lagos imeandikwa kwa uhakika, ujue ni makadirio ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ana upande.

Kuhusu hojaji, usiulize “lugha yako ni ipi”. Hilo hujibiwa kwa kabila. Ataandika Kiigbo huku hojaji nzima kaijaza kwa Kiingereza. Uliza nani kwa nani: na bibi, na mama, na mwenzi wa ndoa, na mtoto wa kwanza, na mtoto wa mwisho, na muuza mboga, akisali, akihesabu pesa, akigombana. Mtoto wa kwanza na wa mwisho watenganishe, kwa sababu mara nyingi lugha hukatikia katikati yao. Weka pijini, ile ya mitaani iliyotokana na Kiingereza, kama jibu linalojitegemea, la sivyo itamezwa na Kiingereza. Kisha shinda dukani saa chache uone kama yaliyosemwa yanafanana na yanayofanywa.

Anayehoji naye hubadilisha jibu. Mwigbo akihojiwa na Myoruba hupunguza Kiyoruba chake au hukiongeza, kutegemea hali ya siasa; epuka kabisa miezi ya uchaguzi.

Kwa Kano, uliza dini mapema. Sabon Gari ni mtaa uliotengewa wageni tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wayoruba Waislamu husali na Wahausa, huoana nao, na wengine watoto wao wamekuwa wasemaji wa Kihausa. Waigbo, wengi wao Wakristo, wana ibada za Kiigbo na vyama vya vijiji vinavyowarudisha nyumbani. Usipotenganisha dini, utadhani tofauti hiyo imetokana na kabila.

Nukta za chini zinanipotea nikiandika majina ya Kiyoruba na Kiigbo. – Mhariri wa jarida la chuo

Kwenye simu, weka kibodi ya Kiyoruba au ya Kiigbo katika Gboard, kisha bonyeza kwa muda o, e au s. Usipige mstari chini ya herufi badala ya nukta, maana maandishi yakinakiliwa mstari hupotea. Kiigbo cha tahajia ya Ọnwụ ya 1961 kina herufi 36, zikiwemo ị, ọ, ụ na ṅ. Kiyoruba kina 25, zikiwemo ẹ, ọ na ṣ.

Alama za toni zina tatizo jingine. Herufi kama ọ́ huundwa na kompyuta kwa vipande, na programu mbili huweza kuviunga tofauti. Kwa macho zinafanana, lakini ukitafuta jina halionekani. Kabla ya kuchapa, pitisha maandishi yote kwenye usanifishaji wa Yunikodi wa aina ya NFC, unaoviunga vipande hivyo kwa namna moja, na ujaribu fonti kwa ẹ́ na ọ̀: alama ikikaa pembeni ya herufi badala ya juu yake, badili fonti. Nafasi ikiwa ndogo, toni unaweza kuziacha kwenye majina. Nukta usiziache.