Jibu kwa aliyechaguliwa fiziotherapia Dar huku ndoto yake ni kairopraktiki

Mdogo wangu, hongera kwa kuchaguliwa. Umeuliza mambo matatu makubwa: kama ukubali fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono) miaka minne wakati moyo wako uko kwenye kairopraktiki (tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono), kama mtu anaweza kusoma Upanga, katikati ya jiji, huku analala Chanika, pembezoni kabisa, kwa mjomba wake, na kama masomo haya yanatesa kama wanavyosema; ukataja pia zile video unazopenda za migongo ikinyooshwa mpaka inatoa mlio, na suala la laptop. Nimesoma fiziotherapia hapa hapa Dar, mwaka wa kwanza nikikaa Chamazi kwa mama mdogo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kairopraktiki kwanza, maana ni fupi. Hapa nchini hakuna chuo kinachoifundisha. Afrika vyuo vinavyojulikana viko Afrika Kusini: Durban University of Technology na University of Johannesburg, na ni kama miaka sita mpaka unamaliza shahada ya uzamili. Fani yenyewe ilianzishwa na Daniel David Palmer kule Davenport, Iowa, mwaka 1895, na mpaka leo kazi yake kubwa ni viungo, hasa uti wa mgongo, kwa mikono. Fiziotherapia nayo ni kazi ya mikono, lakini utakutana na waliopata kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, vijana waliovunjika kwenye bodaboda, wagonjwa wa ICU vifua vimejaa makohozi, wazee waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Kama familia ina uwezo wa Durban, nenda. Kama haina, usikae darasani kama abiria anayesubiri gari jingine. Anatomia ni ileile, na vipimo vingi vya mgongo utakavyojifunza hapa ni vilevile wanavyotumia wao.

Sasa mateso. Watu watakutisha kwa idadi: mifupa 206, pingili 33 za uti wa mgongo, jozi 31 za neva za uti wa mgongo, misuli usiyoweza hata kutamka majina yake. Hayo yanakaririka, na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) imeshakuzoesha kukariri. Kinachowaangusha wengi ni mikono.

Chukua kipindi kimoja tu, cha kutafuta pingili ya nne ya kiuno, L4. Mwenzako analala kifudifudi, khanga imemfunika kuanzia kiunoni kushuka chini (sisi wasichana tulikuwa upande wetu wa pazia). Unaweka viganja juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili, unaleta vidole gumba vikutane katikati ya mgongo. Hapo unatakiwa kuihisi L4, au nafasi iliyo kati yake na L5, kisha unatia alama kwa kalamu. Kitabuni ni mstari mmoja. Darasani ni mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imesimama, jasho linateleza. Rafiki yako mwembamba pingili zake unazihesabu kwa macho. Ukihamia kwa mwenye mwili mkubwa unabonyeza huku hujui kama ulichogusa ni mfupa au msuli uliokaza. Mwalimu wetu alikuwa akifika anafuta alama kwa pamba yenye spiriti, hasemi umepata wala umekosa, anasema tu, "Tafuta tena." Unatafuta. Alama ikirudi palepale kila ukitafuta, anatikisa kichwa kukubali na kwenda kitanda kinachofuata. Mpaka leo namshukuru, kwa sababu mgonjwa hana alama ya kalamu mgongoni.

Ujuzi huo hauko kwenye desa (notsi za kunakili), na huwezi kuukariri peke yako usiku. Unahitaji mwili wa mtu mwingine, kitanda, na mwenzako wa kukwambia "hapo unaniumiza" au "hapo hujagusa kitu". Kwa hiyo saa zako za thamani kuliko zote ni zile za jioni baada ya vipindi, chumba cha mazoezi kikiwa bado wazi na wenzako hawajatawanyika. Hapo ndipo suala la Chanika linapoingia.

Chamazi nilikuwa natoka kabla ya adhana ya alfajiri nipate gari la Kariakoo, halafu natembea kwenda Upanga. Jioni, wenzangu wa hosteli wakianza kupimana nguvu za misuli, mimi naangalia saa, maana nikichelewa kidogo Kariakoo ni kugombania mlango. Nikifika nyumbani kuna vyombo, kuna wadogo wa kusaidia homework, kuna wageni wa kusalimia. Mama mdogo hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alinilisha na hakuniomba shilingi. Lakini mtu anayekupokea bure nyumbani kwake ana haki ya kutarajia mkono wako jikoni, na wewe huna uso wa kumwambia kesho una testi ya neva. Nilichofanya ni kukaa naye siku moja, kwa adabu zote, nikamwonyesha ratiba ya mitihani, tukakubaliana kwamba wiki za mitihani kazi za jioni zifanywe na wengine na mimi nizifidie likizo. Alielewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Zungumza na mjomba na mkewe mapema, kabla hujaanza, tena mke wa mjomba ndiye hasa.

Njiani nako nilipatumia. Nilijirekodi kwenye simu nikijielezea somo kwa Kiswahili, kisha nasikiliza nikiwa nimesimama, begi limepakatwa na abiria aliyekaa. Na ule mtandao wa neva za mkono, unaotoka neva ya tano ya shingo mpaka ya kwanza ya kifua (C5 mpaka T1), niliuchora kwa chaki kwenye sakafu ya uani karibu kila jioni: mizizi mitano, mashina matatu, migawanyo sita, kamba tatu, matawi makuu matano. Wadogo walidhani ni mchezo, wakawa wananishika makosa. Ilipofika mitihani ya vituo, ile kengele ikilia unahamia swali jingine, mkono ulichora wenyewe.

Ila Chanika ni mbali kuliko Chamazi, na Barabara ya Nyerere asubuhi unaijua. Ushauri wangu ni bweni, au chumba cha kuchangia na wenzako wawili watatu Ilala au Kigogo. Magomeni pia pazuri, lakini kumbuka Jangwani: mvua kubwa zikinyesha maji yanapanda, barabara inafungwa na mwendokasi unasimama. Usipange testi yako ya asubuhi kwa kutegemea kuvuka pale masika.

Pesa sitaisema sana. Bumu (pesa za mkopo wa wanafunzi) likichelewa, linachelewa kwa wote, na mama ntilie wa karibu na chuo wengine wanakubali kuandika daftarini kama wanakufahamu. Goniomita (kifaa cha kupima kiungo kinakunjika kiasi gani) na nyundo ya kupimia refleksi nunueni kwa kuchangia. Koti jeupe nunua lako.

Narudi kwenye zile video zako za migongo inayotoa mlio ikinyooshwa, maana hizo zinanipa wasiwasi. Mlio ule ni gesi ndani ya ute wa kiungo, si mfupa uliokuwa umehama unaorudi mahali pake. Nikiwa mafunzoni kwenye hospitali moja ya mjini alikuja kijana dereva wa bajaji, mgongo unamuuma kwa miezi. Mtaani kwao alishanyooshwa kwa kukanyagwa, akaja kwetu akitaka anyooshwe tena. Msimamizi wetu alianza na maswali. Unapata homa za jioni? Usiku unalowa jasho? Suruali zimeanza kukupwaya? Nyumbani kuna anayekohoa? Kila swali kijana anaitikia. Ndipo akapitisha vidole taratibu kwenye pingili, moja baada ya nyingine, na katikati ya mgongo tukaona pameanza kutokeza kidogo. Alipogonga pale kwa upole, kijana aliruka. Hakuna aliyemnyoosha. Alirudishwa kwa daktari siku ileile, akapigwa picha, ikaonekana ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Percivall Pott aliueleza tangu 1779 na huku kwetu bado upo. Unakula pingili kwa upande wa mbele mpaka inaporomoka. Mgongo wa namna hiyo ukiusukuma kwa nguvu, mtu anaweza kupooza miguu.

Mtaalamu wa kairopraktiki aliyesoma naye anafundishwa maswali hayo, pamoja na yale ya ganzi katikati ya mapaja na mkojo kushindwa kuzuilika, ambayo ukisikia "ndiyo" unampeleka mgonjwa hospitali mbio. Nataka uyajue hayo kabla hujatamani mlio. Utakapoanza tu, ndugu wataanza: "Si unasomea masaji? Hebu nivunje mgongo hapa." Mjomba wako atakuwa wa kwanza. Mheshimu, mwombe radhi, mwambie bado hujaruhusiwa, na umshauri aende akaonwe.

Kitu kilichonichosha zaidi si mitihani wala sapu (mitihani ya marudio). Ni wagonjwa wa kiharusi wanaoanza kusimama halafu wanaacha kuja, kwa sababu daladala hawawezi kupanda na bajaji ya kukodi inamaliza hela ya chakula nyumbani. Kuna mama mmoja tulikuwa tumefika hatua ya kuinuka kwenye kiti bila kushikwa, akapotea. Tangu hapo, mgonjwa akija mara ya kwanza nahakikisha aliyemleta anajifunza mazoezi mawili matatu palepale, kwa vitu walivyonavyo: kiti cha plastiki, ukuta, mto. Anayafanya mbele yangu ndipo waondoke. Anza tabia hiyo tangu ukiwa mwanafunzi, wasimamizi wengi watakuruhusu.

Mwisho, lile la kama ununue laptop kabla ya kuripoti. Subiri. Simu yenye nafasi ya kutosha itakufikisha muhula wa kwanza, na hela hiyo iweke kwenye kodi ya chumba karibu na chuo. Ukikosa bweni, andika hapa uko tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi. Kuna wenzangu bado wanakaa Ilala, nitawauliza kama kuna chumba kinachoachwa wazi kabla hamjafungua.